Mtandao Umekata? Uliza Kwanza Umekatikia Wapi



Ukijulikana tu kwamba unasoma uhandisi, basi hapa ng'ambo wewe ndiye fundi wa kila kitu: laptopu, simu, hata pasi. Silalamiki. Ila simu nyingi ninazopigiwa na wenzetu zinaanza na maneno yale yale: "Kaka, mtandao umekufa." Nikiuliza umekufa vipi, naambiwa umekufa tu, kurasa hazifunguki.

Hiyo ni sawa na kwenda kwa daktari ukasema "naumwa" halafu ukanyamaza. Kati ya laptopu yako na tovuti unayoitaka kuna vituo vingi: kadi ya mtandao iliyo ndani ya mashine, waifai, ruta ya nyumbani, mitambo ya kampuni inayokuuzia intaneti, mikongo ya baharini, na mwisho seva yenyewe. Kukikatika popote pale, kwenye skrini unaona kitu kimoja tu, yaani ukurasa haufunguki. Ndiyo maana watu wanatibu ugonjwa wasiokuwa nao. Mmoja ananunua ruta mpya ya paundi hamsini, na ya zamani ilikuwa nzima. Mwingine anakubali kuhamia kifurushi ghali. Mwingine anakimbizana na ruta kuizima na kuiwasha mpaka saa sita usiku inampita na insha hajaikabidhi. Halafu kuna lile linalotugusa wote: unaongea na mama, sauti inakatikakatika, na wala hujui tatizo liko kwako au liko Tanga.

Katika makala haya nataka tujifunze amri chache ambazo tayari zimo kwenye kompyuta yako, bure kabisa. Kanuni yake ni moja: anza karibu, kisha sogea mbali kituo kwa kituo. Basi lililotoka Tanga asubuhi likichelewa kufika Dar, hukai stendi ukalia kwamba basi limekufa. Unapiga simu: Segera limepita? Chalinze je? Kituo cha mwisho lilikopita na kituo cha kwanza ambako halijaonekana ndivyo vinavyokuambia ukalitafute wapi. Mtandao nao ni hivyo hivyo.

Kufungua dirisha jeusi

Kwenye Windows bonyeza Start, andika cmd, kisha Enter. Kwenye Mac tafuta programu inayoitwa Terminal. Wenye Linux nadhani hawahitaji kuelekezwa. Litafunguka dirisha la kuandikia amri, mara nyingi jeusi. Usiliogope. Karibu amri zote nitakazozitaja zinauliza maswali tu, na hakuna hata moja inayofuta mafaili yako.

Kituo cha kwanza: je, una anwani?

Andika:

ipconfig

(Kwenye Mac ni ifconfig, na kwenye Linux ni ip addr.) Yatatoka maandishi mengi. Tafuta mistari miwili tu. Wa kwanza ni "IPv4 Address", yaani anwani ya kompyuta yako, ambayo nyumbani huwa kama 192.168.1.23 au inaanza na 10. Wa pili ni "Default Gateway", yaani lango la kutokea, na hilo ndilo ruta yako. Iandike pembeni, tutaihitaji. Kwenye Mac lango utaliona kwa netstat -rn, kwenye mstari ulioandikwa default. Kwenye Linux ni ip route.

Ukiona anwani inaanza na 169.254, simama hapo hapo. Maana yake kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa na mtu, ikajipa yenyewe. Kupigia kampuni hakutasaidia kwa sasa, maana hata ruta hujaifikia. Angalia kebo, angalia kama umeingia kwenye waifai iliyo sahihi, kisha iombe upya:

ipconfig /release
ipconfig /renew

Kituo cha pili: je, ruta inakusikia?

Sasa tuje kwenye amri maarufu kuliko zote, ping. Iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya jeshi la nchi kavu. Jina alilichukua kwenye mlio wa sona, kile chombo cha nyambizi kinachopiga sauti majini na kusubiri mwangwi. Kazi yake ni hiyo hiyo: unatuma pakiti ndogo, upande wa pili unairudisha, na unaambiwa safari ya kwenda na kurudi imechukua milisekunde ngapi, yaani elfu ngapi za sekunde.

Piga lango lako:

ping 192.168.1.1

(Weka namba ya kwako.) Windows hutuma pakiti nne ikasimama. Mac na Linux haziachi mpaka ubonyeze Ctrl na C pamoja. Ukitaka kipimo cha maana, pakiti nne ni chache. Tuma hamsini: kwenye Windows ni ping -n 50, kwenye Mac na Linux ni ping -c 50, halafu ndipo ufuatishe anwani.

Ruta iko chumba cha pili, kwa hiyo majibu yanatakiwa yawe milisekunde 1 hadi 5 hivi, bila pakiti kupotea. Ukiona 3, kisha 280, kisha "Request timed out", kisha 4, basi shida yako ni waifai na wala si kampuni. Labda kuna kuta mbili nene katikati, labda majirani kumi wote wako kwenye masafa yale yale, labda maikrowevu ya jikoni inavuruga masafa ya 2.4 GHz kila mtu anapopasha chakula.

Mwenzetu mmoja alikuwa na usaili wa ufadhili kwa njia ya video, na chumba chake kiko mwisho wa korido. Alikuwa tayari amejaza fomu ya kuongeza kasi ya intaneti. Tulipopiga ping kwenye ruta yake mwenyewe, pakiti kumi kati ya hamsini hazikurudi. Kasi ya nje ingeongezwa hata mara tatu, pakiti zingeendelea kupotea pale pale kwenye korido. Alinunua kebo ya mita kumi, akaipitisha chini ya zulia, usaili ukaenda bila kukatika hata mara moja.

Kituo cha tatu: je, dunia ya nje ipo?

Ruta ikijibu vizuri, vuka barabara:

ping 8.8.8.8

Hiyo ni anwani ya huduma ya Google iliyoanza mwaka 2009. Inajibu ping karibu wakati wote na ni rahisi kuikumbuka. Hapa Uingereza, kwenye laini nzuri, utapata majibu ya milisekunde 10 hadi 30 hivi.

Ruta ikijibu na 8.8.8.8 isijibu, tatizo limevuka ukuta wa nyumba yako: ni ruta na kampuni. Ila wanaokaa mabweni ya chuo wakumbuke jambo moja. Mitandao mingi ya chuo inakupa anwani halafu inakufungia nje mpaka uingize jina na neno la siri. Fungua kivinjari kwanza, uone kama kuna ukurasa wa kuingilia unaokusubiri.

Kuna kipimo kingine kizuri hapa. Acha ping ya 8.8.8.8 iendelee (kwenye Windows ongeza -t), halafu washa ile programu inayopandisha picha zako zote mtandaoni. Ukiona majibu yanapanda kutoka 20 hadi 400, umempata mwizi wa simu ya mama. Njia ya kupandishia imejaa, na sauti yako imepanga foleni nyuma ya picha za harusi. Sitisha upandishaji, kisha piga simu tena.

Kituo cha nne: je, majina yanatafsirika?

Kompyuta zenyewe zinatumia namba. Sisi ndio tunaotaka majina. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alibuni mfumo wa DNS, ambao ni kama kitabu cha simu cha intaneti: unatoa jina, unapewa namba. Kitabu hicho kikipotea, waya zote ni nzima lakini hufiki popote. Dalili yake ni hii: ping 8.8.8.8 inajibu safi, lakini hakuna tovuti hata moja inayofunguka. Uliza hivi:

nslookup udsm.ac.tz

Ukipewa namba, kitabu kinafanya kazi. Ukiambiwa muda umekwisha au jina halijulikani, uliza swali hilo hilo kwa mtu mwingine:

nslookup udsm.ac.tz 8.8.8.8

Huyu wa pili akijibu na wa kwanza akakwama, mbovu ni seva ya majina ya kampuni yako, na unaweza kubadilisha kwenye mipangilio ukatumia nyingine. Wakati mwingine kompyuta yako ndiyo inang'ang'ania jibu la zamani. Kwenye Windows amri ipconfig /flushdns inafuta kumbukumbu hiyo.

Mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021? Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka dunia nzima kwa kiasi cha saa sita. Wakati wa matengenezo, amri moja ilitenganisha vituo vyao vya data, na seva zao za majina zikaacha kutangaza njia za kuzifikia. Kwa hiyo ukiuliza anwani ya WhatsApp hakuna wa kukujibu. Usiku ule watu wangapi walizima ruta zao na kuziwasha, wengine wakaongeza bando? Aliyejua ping na nslookup alihitaji nusu dakika tu: 8.8.8.8 inajibu, majina mengine yanatafsirika, ya kwao peke yao hayatafsiriki. Basi unachemsha chai unasubiri.

Kituo cha tano: onyesha njia yote

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Windows inaitwa tracert, kwenye Mac na Linux ni traceroute. Iliandikwa na Van Jacobson miaka ya mwisho ya themanini, kwa ujanja mmoja mzuri sana. Kila pakiti ina namba ya uhai. Kila ruta inayoipitisha inapunguza moja, na ikifika sifuri, ruta iliyoishika inaitupa na kumwandikia mwenye nayo: "yako imeishia kwangu". Basi programu inatuma pakiti yenye uhai wa 1, kituo cha kwanza kinajitaja. Inatuma yenye uhai wa 2, cha pili kinajitaja. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa safari.

tracert udsm.ac.tz

Kila mstari ni kituo kimoja, na kila kituo kina vipimo vitatu vya muda. Majina ya ruta mara nyingi yanaficha jina la mji kwa herufi chache: lon ni London, mrs ni Marseille, nbo ni Nairobi, dar unajua mwenyewe. Unaweza kushangaa safari inaishia Marekani au Ulaya. Usidhani umekosea. Tovuti nyingi zenye majina ya nyumbani seva zake ziko ughaibuni kama sisi.

Hapa hesabu kidogo inasaidia. Mwanga ndani ya mkongo unakwenda kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. London hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75 hata tufanyeje. Mikongo nayo haijanyooka, inazunguka bahari na nchi, kwa hiyo ukipata 150 au 200 usilalamike. Kabla SEACOM haijafika pwani yetu Julai 2009, intaneti yetu nyingi ilipanda setilaiti zilizoko kilomita 36,000 juu, na safari hiyo peke yake ilikula karibu nusu sekunde. Waliokuwa wakienda intaneti kafe zama hizo wanakumbuka jinsi barua pepe moja ilivyofunguka.

Kusoma tracert kunataka uangalifu wa mambo mawili. La kwanza, nyota (* * *) katikati si lazima iwe hitilafu. Kuna ruta zinazopitisha pakiti vizuri lakini zimezuiwa kujitaja. La pili, kituo kimoja cha katikati kikionyesha 300 na vinavyofuata vikarudi 40, hakuna tatizo. Ruta hiyo imechelewa kukujibu wewe tu, maana kazi yake ni kupitisha mizigo, kujibu maswali ni ziada. Hitilafu ya kweli inaanza mahali fulani na kuendelea mpaka mwisho. Ukiona ucheleweshaji au upotevu umeanzia kituo cha saba na cha nane, cha tisa, cha kumi vyote vina hali hiyo, hapo una la kusema.

Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nyumbani intaneti ikawa ya kusuasua kwa siku kadhaa. Miezi mitatu kabla yake, mikongo mingine ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu. Siku kama hizo huku kwako vituo vyote vinang'aa, na matatizo yanaanza mbele kabisa. Vile vile kuna nyakati intaneti inazimwa kwa amri. Ilitokea Uganda Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na Tanzania kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura. Wenzetu wengi walikaa siku hizo hawajui hali za watu wao. Huwezi kutengeneza hilo kwa amri yoyote ya kompyuta. Lakini kujua kwamba si simu yako wala ruta yako kunakuokolea usiku mzima wa kuhangaika na mipangilio, na kunakukumbusha kujaribu simu ya kawaida.

Ping ikikataa, mlango unaweza kuwa wazi

Seva nyingi zimewekwa zisijibu ping kwa ajili ya usalama. Kwa hiyo kabla hujasema tovuti ya ubalozi au ya chuo imekufa, bisha mlango wenyewe:

curl -I https://www.udsm.ac.tz

Curl imo kwenye Windows tangu 2018, na kwenye Mac ipo. Ukipata 200, seva iko hai na inahudumia. 301 au 302 ni kwamba unaelekezwa mlango mwingine. 403 inamaanisha umekataliwa, na 503 inamaanisha seva imeelemewa au iko kwenye matengenezo. Namba yoyote kati ya hizo inathibitisha kwamba mtandao wako umefika. Na walioko Falme za Kiarabu wanajua: ping inajibu, ujumbe wa WhatsApp unapita, simu yake haitoki. Hiyo ni kanuni ya nchi, wala ruta yako haina kosa.

Peleka ushahidi

Faida kubwa ya amri hizi utaiona siku ya kulalamika. Ukipigia kampuni ukasema "intaneti mbaya", utasomewa karatasi: zima, washa, subiri. Ukiwa na vipimo, mazungumzo yanabadilika. Mwenzetu mwingine nyumba yake ilikuwa inapoteza mtandao kila mvua ikinyesha, na kwa mvua za huku hiyo ni karibu kila siku. Kampuni, sitaitaja, ilimshauri anunue kifurushi kikubwa zaidi. Tukapima siku tatu, kukavu na kwenye mvua, na kuhifadhi kila kitu kwenye faili:

tracert 8.8.8.8 > njia.txt

Ruta yake ilikuwa inajibu kwa milisekunde 2 wakati wote. Mvua ikianza, upotevu ulianzia kituo cha pili, yaani cha kwanza cha kampuni, na kuendelea mpaka mwisho. Alituma mafaili pamoja na tarehe na saa. Wiki ile ile alikuja fundi, akakuta kiungio cha waya nje ya ukuta kimeingia maji. Hakulipa hata senti.

Ukiandika malalamiko taja haya: siku na saa, kebo au waifai, lango lilijibu vipi, 8.8.8.8 ilijibu vipi, na upotevu ulianzia kituo gani. Mistari mitano inatosha.

Tahadhari moja. Kupiga ping na tracert ni jambo la kawaida. Lakini kuna programu za kupekua milango yote ya mashine za watu, na hizo usiziguse kwenye mtandao wa chuo bila ruhusa ya maandishi. Vyuo vina kanuni zake, na Uingereza ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta tangu 1990. Sisi tuliokuja kwa viza hatuna sababu ya kuitwa ofisini kujieleza.

Kata kipande hiki, ubandike karibu na meza:

1. ipconfig: nina anwani? Lango langu ni lipi?
2. ping lango: waifai na ruta vizima?
3. ping 8.8.8.8: nimetoka nje?
4. nslookup jina: majina yanatafsirika?
5. tracert jina: imekatikia kituo gani?
6. curl -I tovuti: seva yenyewe inasemaje?

Ukifika mahali jibu likawa "hapana", simama. Hapo ndipo ilipokatika, na usiende mbele kabla hujapamaliza. Na ukinipigia simu nitakuja, karibu sana. Ila nitakuuliza kwanza: umefika namba ngapi?